Jarida la Mfuko Mmoja

Nianze na kisa cha fundi viatu.

Fundi huyu hukaa chini ya mwavuli uliochakaa hapa kwetu Daraja Mbili, Arusha, hatua chache kutoka mahali zinapoegeshwa bodaboda. Tunafahamiana kwa miaka mingi. Alishona viatu vya wanangu walipokuwa shule ya msingi, na sasa anashona vya wajukuu. Mwishoni mwa mwaka 2020 nilimpelekea kiatu changu kilichoachia soli. Akakipokea, akakigeuza huku na huku, kisha bila kuinua uso akaniuliza, "Mwalimu, samahani, lile jarida lenu lilikufa lini?"

Nilipigwa na butwaa. Jarida lilikuwa halijafa. Kwa miaka miwili lilikuwa limetoka mtandaoni bila kukosa, tena likiwa safi kuliko wakati wowote: picha nzuri, kurasa zilizopangwa na mtaalamu, waandishi waliolipwa kwa wakati.

"Halijafa," nilimjibu. "Linatoka kila mwezi."

Akanitazama kama mtu anayemwonea haya mwenziwe, akasema, "Basi litakuwa limehama mtaa."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi, na ndiyo yanayonisukuma kuandika makala hii. Nataka kusema wazi jambo ambalo wengi wetu tunaohariri majarida ya sanaa na fasihi tunalijua, lakini hatulisemi mbele za watu kwa sababu linatugusa pabaya. Jarida linalolishwa na mfuko mmoja haliko huru, hata kama mwenye mfuko ni mtu mwema, na hata kama hajawahi kukataza neno lolote. Na kile kisingizio tunachokitumia kuukimbilia mfuko huo, kwamba Watanzania hawasomi wala hawalipi, ni uongo tuliouzaa sisi wenyewe na kuulea hadi ukaota ndevu.

Jarida letu tulilianza mwaka 2014. Jina lake sitalitaja, maana sikuja hapa kufanya tangazo. Tulikuwa watu watatu: mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyekuwa nakaribia kustaafu, kijana mmoja mjuzi wa kompyuta, na dada mmoja mshairi aliyekuwa akiuza duka la vitenge mjini. Ofisi ilikuwa meza ya chakula nyumbani kwangu. Umeme ukikatika tulimalizia kusoma kwa mwanga wa simu. Ile baridi ya Juni na Julai, Mlima Meru unapojifunika mawingu hadi adhuhuri, tulihariri tukiwa tumevaa makoti, na mke wangu akituletea chai ya tangawizi huku akiuliza ni lini kazi hii itaanza kuleta sukari badala ya kuimaliza.

Hadithi zililetwa kwa simu. Nyingine ziliandikwa kwa zile tahajia za vijana, "xaxa" kwa maana ya "sasa" na "cjui" kwa maana ya "sijui". Tulizisafisha moja moja na kuzirudisha kwa mwandishi aone kilichobadilishwa na sababu yake. Hiyo ndiyo kazi ya uhariri, na hakuna mashine iliyoturahisishia.

Kilichotupatia wasomaji ilikuwa hadithi ya mfululizo kuhusu konda wa daladala na deni lililomfukuza kutoka mtaa hadi mtaa. Mwandishi wake alikuwa binti wa Ngarenaro. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, chenye "chalii" wake na matani yake, na kila sehemu aliikata palepale ambapo msomaji angetamani kumvuta shati asiondoke. Ilitoka kila baada ya wiki mbili. Siku ya kutoka, vijana wa bodaboda walikusanyika penye kivuli. Mmoja alifungua simu, kwa kuwa bando lilikuwa la mmoja, akasoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Fundi viatu alikuwa mmoja wa wasikilizaji hao. Hakuwa na simu ya kufungulia intaneti, lakini hakukosa hata sehemu moja. Sehemu iliyofuata ikichelewa, aliniuliza nikipita, "Vipi Mwalimu, konda wetu wamemkamata?"

Waliopenda kutuchangia walitutumia shilingi 500 au 1,000 kwa simu. Dada mshairi aliziandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Fedha hizo zililipa jina la tovuti na kodi ya seva, na kilichobaki tuliwagawia waandishi. Kilikuwa kidogo, nasi tuliona aibu kukitoa.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilimtaka anayeendesha blogu au tovuti ya namna hiyo awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya awali, na shilingi 1,000,000 kila mwaka. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena mwaka 2022, lakini sisi zile za 2018 ndizo zilizotukuta, na daftari letu likiwa na shilingi 63,000. Wenye blogu wengi nchini walifunga milango. Kampuni inayouza habari na matangazo ingeweza kuubeba mzigo ule. Jarida la mashairi linaloendeshwa kwenye meza ya chakula lingeubebaje? Sheria isiyotofautisha ng'ombe na kuku, ikawatoza wote ushuru mmoja wa mnada, humbakisha ng'ombe peke yake.

Hapo ndipo shirika moja la nje lilipotuona. Lilikuwa tayari kulipa leseni, kulipa waandishi, hata kutununulia kompyuta. Nisijifanye shujaa baada ya vita: nilikuwa wa kwanza kutia saini. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Hakuna aliyetukataza neno hata moja. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wakisikia habari za wafadhili hudhani kuna mzungu aliyekaa mahali na kalamu nyekundu. Hakuwapo. Kulikuwa na fomu tu. Fomu iliuliza mada ya kila toleo, nasi tukaanza kuwa na mada: mwezi huu mabadiliko ya tabianchi, mwezi ujao ujasiriamali wa vijana. Ikauliza idadi ya walionufaika, nasi tukaanza kuhesabu wanufaika. Hebu niambie, ndugu yangu, mtu aliyesoma shairi la kufiwa akalia kidogo kisha akaendelea kuchambua mchele, amenufaika kwa kiasi gani, nimwandike kwenye safu ipi?

Taarifa zilitakiwa kwa Kiingereza. Ili mfadhili aone alicholipia, tukaanza kuweka tafsiri ya Kiingereza pembeni ya Kiswahili. Tafsiri ilituchosha, basi tukawaomba waandishi wanaoweza waandike kwa Kiingereza moja kwa moja, na Kiswahili kikabaki kuwa muhtasari. Miezi michache baadaye muhtasari nao ukaachwa, maana hakuna aliyeudai. Hadithi ya konda tuliisimamisha kwa sababu haikuingia kwenye mada yoyote. Binti wa Ngarenaro hakulalamika. Aliacha tu kupokea simu zangu.

Dada mshairi alikuwa wa kwanza kusema kweli. "Mwalimu," aliniambia siku anayoondoka, "shairi langu nalisikia kwa Kiswahili. Nikiliandika kwa Kiingereza nasikia mtu mwingine anaongea." Nikamjibu kwamba dunia imebadilika. Hilo jibu linanichoma hadi leo.

Mwaka 2020 ikaja barua ya aya tatu. Vipaumbele vya shirika vilikuwa vimebadilika, walitushukuru kwa ushirikiano mwema. Ndipo nikapeleka kiatu kwa fundi.

Kisa chetu ni kidogo. Lakini Afrika Mashariki inacho kikubwa cha aina hiyohiyo, na kila mwenye ndoto ya kuanzisha jarida angepaswa kukijua. Mwaka 1961, mjini Kampala, kijana mmoja mzaliwa wa mji huohuo, Rajat Neogy, alianzisha jarida lililoitwa Transition. Halikuwa na mfano wake. Humo aliandika Wole Soyinka, aliandika Ali Mazrui, na mwaka 1963 Obi Wali wa Nijeria alichapisha humo makala iliyosema kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea kwenye ukuta. Mabishano yaliyoanza siku ile hayajaisha mpaka leo.

Jarida hilo lilipata msaada kutoka taasisi iliyoitwa Congress for Cultural Freedom. Mwaka 1967 ikathibitika hadharani kwamba fedha za taasisi hiyo zilikuwa zikitoka kwa siri katika Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Neogy alisema hakujua, nami sina sababu ya kutomwamini. Alikuwa mhariri jasiri. Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ilimtia ndani kwa sababu ya yaliyochapishwa katika kurasa zake, na jarida likanyamaza hadi lilipofufuliwa Accra, Ghana, mwaka 1971.

Sasa angalia dhuluma iliyofanyika hapo. Waandishi walikuwa wa kweli na mabishano yao yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, siku chanzo cha fedha kilipojulikana, kila mtu aliyewahi kuchomwa na makala ya Transition alipata mahali pa kuegemea: "Si nilisema? Walikuwa wakilipwa." Mfuko mmoja uliwapokonya watu waaminifu haki ya kuaminiwa. Haikuhitajika CIA ibadilishe sentensi hata moja. Ilitosha kwamba ilikuwa ndiyo inayolipa.

Wapo watakaonijibu kwamba bila wafadhili tusingekuwa na chochote cha kujivunia, nao wana hoja. Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa hadithi iliyokuwa imechapishwa mtandaoni, jambo ambalo wazee wa vitabu wa wakati ule waliliona kama utani. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakatoa jarida la Kwani? mjini Nairobi, likachapisha hata Sheng bila kuomba radhi, na wakfu wa Ford wa Marekani ulilisaidia. Kizazi kizima cha waandishi kilipita mlango huo. Sitasimama hapa Daraja Mbili nikamwambia marehemu Binyavanga kwamba alikosea.

Mwaka 2013 likazaliwa kundi la Jalada, hukohuko Nairobi, kwa makusudi likiwa la mtandaoni. Machi 2016 lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Jambo hilo lisingewezekana kwa karatasi: nani angebeba gharama ya kuchapa vijitabu 30 na kuvisafirisha? Mtandao umetupa chombo ambacho babu zetu wa uandishi hawakukiota.

Kwa hiyo sisemi kwamba fedha za nje ni najisi. Nasema kwamba ukiwa na mfuko mmoja tu, unapokaa kuhariri unaiona sura moja tu. Unaanza kumwandikia mtu huyo bila kujua. Akiondoka, unageuka nyuma kumtafuta msomaji wako, na msomaji hayupo, amekwenda kusikiliza mpira.

Sasa nije kwenye ule uongo. "Watanzania hawasomi." Nimeusikia kwenye semina, nimeusikia kwa wachapishaji, nimeusikia kwa walimu wenzangu waliomaliza mwaka bila kufungua kitabu wasichokifundisha. Upo hata ule msemo wa dharau, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye maandishi. Nami niliwahi kuurudia mbele ya wanafunzi, nikaona nimesema jambo la busara.

Mwaka 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianza kutoa jarida la Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Shule zilikuwa chache na waliojua kusoma walihesabika. Lakini angalia kurasa zake: barua na mashairi kutoka kila pembe ya Tanganyika, watu wakijibizana kwa beti toleo hadi toleo. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha mashairi humo. Mfuko ulikuwa wa mkoloni, na ndiyo maana usitegemee kukuta humo shairi la kumtaka Gavana afungashe virago. Lakini hamu ya kusoma na kuandika haikuletwa na Gavana. Ilikuwapo.

Halafu kumbuka enzi zetu. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Vitabu hivyo nilivisoma vikiwa havina jalada, kwa sababu vilikuwa vimepita mikono arobaini kabla ya kunifikia. Bwenini tulivikata vipande kwa kiwembe ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja, na ole wake aliyepata kipande cha katikati. Hao ndio wasiosoma?

Na leo? Nenda popote penye foleni, stendi au hospitali, uangalie watu wanafanya nini na simu. Wengi wanatazama picha, kweli. Lakini wapo wanaosoma hadithi za mapenzi na za kijasusi zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, na ukitaka sehemu ya pili unamtumia mtunzi fedha kwa simu. Watunzi hao hawana leseni ya fasihi kutoka kwa yeyote, hawaalikwi kwenye makongamano, lakini wamelielewa jambo ambalo sisi wenye shahada tumelikataa: msomaji anayetaka kujua kilichotokea atalipa. Huduma ya kutuma fedha kwa simu imekuwapo nchini tangu 2008. Mtu anamtumia mama yake kijijini shilingi 5,000, analipia maji, analipia king'amuzi, ila sisi wahariri tuliamua kwa niaba yake kwamba hawezi kulipia hadithi. Hatukumwomba. Tulimdharau kwanza, kisha tukaiandika dharau yetu kwenye fomu ya mfadhili kama sababu ya kuomba.

Wala usiniambie kwamba Kiswahili cha mtaani hakiwezi kuvuka mpaka. Vijana wa hapahapa Arusha, kundi la X Plastaz, walirap kwa Kiswahili na Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na kampuni ya muziki ya Ujerumani. Hawakubadilisha lugha ili wasikilizwe. Dunia iliwafuata walipo.

Tulianza upya mwaka 2021. Nilikwenda kwanza kwa dada mshairi, dukani kwake, nikaomba radhi nikiwa nimesimama katikati ya vitenge na wateja wanasikia. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Haya, daftari liko wapi?" Binti wa Ngarenaro ilinichukua miezi minne. Alikuwa ameolewa, ana mtoto mchanga, na hakuwa na sababu ya kuniamini. Mwishowe aliniletea sehemu moja ya konda, akasema, "Mwalimu, safari hii nikikatwa katikati sirudi tena." Nikaapa.

Utaratibu wetu ni rahisi. Kila kitu ni kwa Kiswahili. Sehemu ya mwanzo ya kila hadithi ni bure, na mashairi yote ni bure. Anayetaka kuendelea analipa shilingi 500 kwa mwezi. Julai 2021, tukiwa bado tunayumba, ikaja tozo ya miamala ya simu, na watu wakaogopa kutuma hata kile kidogo. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka uleule, lakini wasomaji wetu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye fedha taslimu. Kwa miezi hiyo dada mshairi alikusanya sarafu dukani, nami nikakusanya nikipita mitaani kama mwenye upatu.

Ubaya wake nausema pia, maana makala inayoficha ubaya ni tangazo. Wakati wa mfadhili tulimlipa mwandishi shilingi 200,000 kwa hadithi. Sasa tunamlipa 20,000. Mwandishi wetu mmoja hodari sana alituaga kwa sababu hiyo, na sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa watoto hawali uhuru wa jarida. Picha zetu ni mbaya. Tumekosa matoleo mawili kwa kukosa fedha za seva. Yule kijana wa kompyuta amepata kazi nzuri Dar es Salaam na hutusaidia usiku tu. Sijui kama tutafika mwaka wa 15.

Wala sidai kwamba mifuko mingi ni ngao ya kila kitu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa jarida la Cheche kuanzia 1969, wakikata stensili na kuzungusha saiklostaili kwa mikono yao wenyewe, na mwaka 1970 lilipigwa marufuku kwa amri, basi. Lakini angalau hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba waliandika walichotumwa.

Yuko rafiki yangu mmoja anayenibishia kwamba wasomaji nao ni mabwana, tena wabaya zaidi, kwa sababu wanataka mapenzi na umbeya tu. Namwambia: kweli ni mabwana, lakini ni wengi na hawaelewani. Tulipochapisha hadithi ya mzee wa ukoo aliyeuza kiwanja cha yatima, watu kadhaa waliacha kulipa kwa hasira, kila mmoja akiamini kwamba tumemsema yeye. Hatukufa. Waliobaki walitulipia. Siku ile mfadhili wetu mmoja alipobadilisha vipaumbele, tulikufa mara moja.

Basi wewe kijana unayetaka kuanzisha jarida la sanaa na fasihi, iwe Arusha, Mbeya au Mombasa, nakuomba jambo moja. Kabla hujaandika barua ya kuomba ufadhili, nenda mtaani kwako ukamsomee mtu mmoja hadithi unayotaka kuichapisha. Isome kwa sauti, uishie patamu, umwambie yaliyobaki ni shilingi 500. Akikataa, rudi ukaihariri. Akikataa tena, ihariri tena. Siku akilipa, umepata jarida. Fedha za nje zikija baada ya hapo zipokee ukitaka, zikununulie kompyuta, mradi zikiondoka huyo mtu bado yupo.

Fundi viatu sasa ana simu yake. Analipa kila mwezi. Juzi nilipita kwake naye akaniita kwa kidole, sura imekunjamana. "Mwalimu," akasema, "hadithi ya mwezi huu mwisho wake haueleweki. Yule mama amemsamehe mumewe au hajamsamehe? Kama hamjui, nirudishie mia tano yangu."

Katika miaka miwili ya ufadhili, nilipeleka taarifa nane za kurasa nyingi, na hakuna hata siku moja mtu aliponidai fedha yake kwa sababu mwisho wa hadithi ulikuwa mbaya. Nilirudi nyumbani nikaisoma tena. Fundi alikuwa sahihi. Nikampigia simu mwandishi jioni ileile.